Mpya Hukaa Mbele

Katika karakana ya Mzee Chaki hapakuwa na mtu aliyewahi kuchagua tairi la nyuma. Tairi jipya likiingia nyumbani lilifungwa mbele. Lililokuwa mbele lilihamia nyuma, na lililokuwa nyuma lilikatwa vipande vya kufungia mizigo. Mpya hukaa mbele, mzee alisema, na akishasema hivyo maongezi yamekwisha. Tairi la nyuma lilirithiwa tu, kama kaptura za kaka mkubwa.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Miaka thelathini nyuma mzee mwenyewe alikuwa mshindani wa baiskeli za milimani, tena si wa kusindikiza wenzake. Siku moja akiteremka, tairi la mbele lililokwisha meno likateleza kwenye udongo, nyonga ikavunjika mahali pawili, na tangu hapo anatembea kama mtu anayeruka mtaro kila hatua. "La nyuma likiisha utachelewa," alikuwa akiwaambia wateja. "La mbele likiisha utazikwa." Ni maneno ya kweli. Ubaya wa maneno ya kweli ni kwamba mtu akishayashika anaweza kukuchapa nayo maisha yako yote, nawe huna pa kukimbilia.

Aliyechapwa nayo kuliko wote ni binti yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata waliomzidi umri. Alikuwa na miaka kumi na miwili mama yao alipofariki na kumwacha mdogo wake wa kiume akitambaa. Akaambiwa asiende shule wiki mbili hivi, amwangalie mtoto mpaka mambo yatulie. Wiki mbili hizo sasa zina miaka ishirini na miwili. Mgongoni alibeba mtoto, mkononi akashika spana, na kabla hajafika umri wa kuolewa alikuwa ananyoosha ringi iliyopinda kwa kusikiliza mlio wa spoki tu. Waliokuja kuposa walimkuta ana grisi mpaka kwenye viwiko; wakatengenezewa breki, wakaenda zao.

Mtoto yule wa mgongoni ndiye Mwewe. Jina alipewa kwa jinsi anavyotanua viwiko akiwa anateremka mlima. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, mcheshi, mwenye meno mazuri, asiyeweza kubadilisha mpira wa ndani bila kuita mtu. Baiskeli yake ilikuwa nzuri kuliko zote pale, na kila kilichokuwa juu yake kilipita kwanza mikononi mwa dada yake. Akifanya vizuri mashindanoni, hiyo ni damu ya baba. Akifanya vibaya, spoki zililegea. Kwa miaka mitano hakuwahi kuivuka nafasi ya tatu, na kwa miaka mitano Fundi alikaza spoki ambazo hazikuwa zimelegea.

Karakana ilikuwa na sheria ya pili, na hii ndiyo iliyompa mzee jina. Ukimaliza kufunga gurudumu unapiga alama ya chaki kwenye ubavu wa tairi: mzee mstari mmoja, Fundi miwili. Gurudumu lenye alama haliguswi na mkono mwingine. Zamani mzee alikuwa na mshirika, na kila mmoja alikuwa na tabia ya kurekebisha kazi ya mwenzake, mpaka siku gurudumu la mteja lilipochomoka barabarani na kila mmoja akaapa kwamba nati ya mwisho aliikaza mwenzake. Tangu hapo, aliyefunga ndiye afungue, na anafungua pale tu mwenye baiskeli atakaposema "fungua".

Fundi aliishika sheria hii kuliko hata aliyeitunga. Mzee alipolazwa hospitali, muuza nyama wa mtaani alisubiri baiskeli yake siku tisa kwa sababu gurudumu lilikuwa na mstari mmoja. Alitukana, akabembeleza, akaleta maini, akasubiri. Watu walicheka sana, lakini hiyo ndiyo sababu waliendelea kuleta baiskeli zao pale. Ulijua roho yako iko mikononi mwa nani.

Sasa mwaka huo chama cha baiskeli kilibandika tangazo. Shindano la mlimani lingekuwa na mbio za wanawake kwa mara ya kwanza. Wanaume wawili wa kwanza na mwanamke mmoja wa kwanza wangechukuliwa na timu kwa msimu mzima: chumba, sare, kocha, safari. Fundi alilisoma akiwa na gurudumu la mtu begani, akaenda, akarudi, akalisoma tena.

Hakuwa mgeni wa mlima ule. Kila alfajiri aliupanda kuwapelekea wafanyakazi wa machimbo ya mawe baiskeli zao, mkono mmoja kwenye usukani wake, mwingine ukiikokota ya mteja, kisha akarudi peke yake kwa njia ya msituni. Baiskeli yake mwenyewe aliiunganisha kutokana na mizoga mitatu. Mara mbili alimkuta Mwewe njiani akifanya mazoezi, na mara zote mbili alipunguza mwendo, kijana asije akaona aibu. Nafasi ile ya timu aliitaka mpaka usingizi ukamruka. Hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani kwao kutaka kulikuwa kazi ya Mwewe.

Baiskeli yake ilikuwa imekamilika isipokuwa kitu kimoja. Nyuma ilikuwa na tairi la kurithi, na tairi la kurithi haliwezi kufika kileleni likarudi kwa mwendo wa mashindano.

Mwenye duka la vipuri alikuwa mjane aliyeitwa Mama Vipuri, na matairi ya milimani aliyatundika ukutani nyuma ya kaunta, mbali na vidole vya watu. Fundi alimnyooshea magurudumu Jumamosi tatu mfululizo, kwa makubaliano kwamba ujira wake ni tairi moja atakalolichagua mwenyewe.

"Haya chagua, bibi harusi," alisema Mama Vipuri. "La mbele au la nyuma?"

"La nyuma."

Mama Vipuri alishusha miwani mpaka kwenye ncha ya pua. "Nyie mnanunua tairi la nyuma? Baba yako amefariki lini, mbona sikuambiwa nije msibani?"

Fundi alicheka mpaka akashika kaunta. Ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo.

Mama Vipuri alishusha la kwanza, jepesi, meno yake mafupi karibu yamelala. "Hili linakimbia lenyewe. Vijana wote wanachukua hili."

"Linakimbia kwenye lami, mama. Nikishika breki ya nyuma kwenye udongo litakuwa linachora tu."

La pili lilikuwa na meno marefu yaliyoachana, raba laini ya kubonyea. Fundi aliligeuza, akalisukuma juu ya kaunta kwa kiganja, akasikiliza linavyonata. Lilikuwa zuri, ila halikuwa la nyuma. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma, na raba laini ikisukuma mlima mzima inakuvuta kama mtoto aliyekukamata gauni. Alilirudisha kwa heshima.

"Na lile la juu?"

"Lile zito? Mwanangu, lina mwaka pale, hata buibui wamelikimbia."

Lilishushwa na vumbi lake. Meno ya katikati yalikaribiana, ya pembeni yalisimama. Lakini Fundi hakuangalia meno kwanza. Aliuminya ubavu kwa vidole viwili, pole pole, akizunguka tairi lote, kama mtu anayetafuta jipu. Ubavu ulikuwa mnene na mgumu kila mahali. Alikuwa anawaza mawe meusi. Ng'ambo ya kijito, wakati wa kuteremka, kuna mawe ya hatua mia tatu yenye kingo za chupa iliyovunjika. Gurudumu la mbele unaliongoza, unalikwepesha. La nyuma halikwepi. Linafuata na uzito wako wote juu yake, na linapigwa na kila jiwe ambalo la mbele limelikimbia.

"Hili," alisema.

"Utaupanda mlima na uzito huo?"

"Mama, nimeupanda na mdogo wangu mgongoni. Tairi ni nini?"

Mama Vipuri alimtazama, akaacha mzaha. Alilipangusa vumbi kwa upande wa kanga yake, akampa. "Ni hilo hilo moja, halina mwenzake. Ulifunge mwenyewe, umenisikia?"

Nyumbani mzee alilipokea kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamempungua miaka ile, akawa anaona kwa kidole gumba. Alilipapasa lote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tairi la maana. Linakwenda mbele ya nani?"

"Linakwenda nyuma, baba. Kwenye baiskeli yangu. Jumapili nashindana."

"Mpya nyuma?" Mzee alicheka, wala si kwa ubaya. "Watu watasema nimezeeka vibaya. Na unashindana na nani, mama?"

"Na wote watakaokuja."

"Haya," alisema mzee. Kuna haya ya kukubali na kuna haya ya kukufukuza mlangoni. Fundi alikuwa na furaha sana siku hiyo, hakupima ilikuwa ipi.

Aliona alifunge Jumamosi mchana, wateja wakiisha. Na alikuwa na uhakika kiasi kwamba Jumamosi asubuhi alilivua lile kuukuu la nyuma akalikata vipande kwa kisu cha karakana, huku anapiga mluzi. Vipande akavitundika msumarini. Kisha akapanda baiskeli ya mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mji aliyeahidiwa kuletewa siku hiyo, akampelekea, akarudi kwa miguu.

Alipofika ilikuwa saa nane. Baiskeli mbili zilikuwa zimepinduliwa sakafuni, magurudumu juu. Mbele ya baiskeli ya Mwewe kulikuwa na tairi jipya la Fundi. Lililokuwa mbele ya Mwewe limehamia nyuma ya Mwewe. Na nyuma ya baiskeli yake yeye kulikuwa na lililokuwa nyuma ya Mwewe, katikati limekuwa kipara linang'aa. Mstari mmoja wa chaki hapa, mstari mmoja pale, mstari mmoja pale. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi akifuta vidole kwa kitambaa, amechoka na amefurahi.

"Nimewamalizia kazi," alisema. "Nikaona usihangaike."

"Baba, lile tairi lilikuwa langu."

"Nani kasema si lako? Vyote vilivyomo humu ni vyenu. Ila mpya hukaa mbele."

"Basi lingekaa mbele ya baiskeli yangu."

Mzee aliendelea kufuta vidole. Alipojibu alitumia sauti ile ya kumwambia mtoto kwamba sindano haiumi. "Mwanangu, Mwewe anakwenda kushinda. Wewe unakwenda kushiriki. Chanda chema huvikwa pete."

Fundi aligeuka kwa mdogo wake, aliyekuwa amechuchumaa akipangusa baiskeli yake. Alikuwa anapangusa sehemu ile ile moja.

"Mwewe."

"Naam, dada."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Baba ndiye aliyefunga."

"Na ulijua ni la nani."

"Dada, mimi si fundi. Mambo ya matairi mnayajua nyie." Alikuwa amevaa miwani ya mbao, na ilimkaa vizuri.

"Huhitaji kuwa fundi. Baiskeli ni yako. Sema fungua."

Mzee aliacha kufuta vidole, maana hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, na ingesemwa angeinama akafungua bila kunung'unika. Kwa hilo tu mtu lazima ampe haki yake. Mwewe aliliangalia tairi. Akalibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, kama baba yake. Mwaka uliotangulia alikuwa wa pili mpaka kwenye mawe meusi, yakampasulia tairi la mbele, na aliukumbuka mwendo wa kurudi nyumbani. Neno lenyewe ni moja tu. Mtoto wa miaka miwili analiweza. Mwewe mwenyewe alipofundishwa kusema na dada yake, lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo, amesimama mbele ya mlango uliofungwa.

"Mzee kainama saa nzima na nyonga ile," alisema mwishowe. "Tukimwambia afungue atajisikiaje? Tufanye hivi, dada. Mwakani nakununulia mimi. Mawili." Akatabasamu kwa yale meno yake.

Hiyo ndiyo inaitwa kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundi alikuwa na spana mkononi, hajui ameishika saa ngapi. Kufungua ni dakika mbili, kufunga ni tano. Najua mtasema, mjinga huyu, si angefungua tu. Lakini angeangaliaje tena alama ya chaki, yeye aliyemsubirisha mtu siku tisa? Katika nyumba ile alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa chake, kwamba mkono wake hauingilii kazi ya mwingine, na kitu hicho ndicho walichomfungia nacho. Kwa gurudumu lake mwenyewe angeweza kusema fungua, sawa, halafu afunge nini? Duka la Mama Vipuri lilifungwa tangu saa saba. Matairi ya wateja yalikuwa ya baiskeli kubwa za mizigo, hayaingii. La kwake kuukuu lilikuwa vipande msumarini, na aliyelikata ni yeye.

Alitundika spana mahali pake, akachukua vipande viwili vya lile tairi kuukuu, akavitia mfukoni. Akaingia ndani kuwapikia.

Jumapili wanaume waliondoka saa mbili, wanawake nusu saa baadaye, kumi na tisa. Fundi alianza pole pole. Kwenye mlima akaanza kuwapita mmoja mmoja, hana haraka, kama mtu anayekusanya nguo kwenye kamba. Karibu na kilele hakukuwa na mgongo wa mtu mbele yake. Huko juu kulikuwa na upepo na mtu mmoja mwenye bendera, na yule mtu alimwambia, "Wewe ndiye wa kwanza." Kwa dakika kama ishirini Fundi alikuwa wa kwanza katika jambo fulani duniani, na alilijua.

Kwenye udongo nyuma ilikuwa inateleza huku na huko, akaishika kwa viuno. Alivuka kijito. Mbele ya mawe meusi alipunguza mwendo, akainuka kwenye kiti, akabeba uzito wote kwa mikono na magoti, akalipitisha la mbele kwenye upenyo kila ulipopatikana. Alifika zaidi ya nusu. Kisha nyuma kikasikika kitu kama mtu aliyeshusha pumzi, na baiskeli ikakaa chini.

Ubavu ulipasuka urefu wa kidole. Alitoa kipande cha tairi lake kuukuu, akakiweka kwa ndani, akatia mpira mpya, akapiga pampu. Wanawake wanne wakapita. Akapanda, akaenda hatua mia moja, ukapasuka upande wa pili. Akatia kipande cha pili na kuuziba mpira, kikahimili mpaka jiwe lililofuata. Hapo hapakuwa na cha kutia tena. Akaiweka baiskeli begani, akaanza kushuka kwa miguu. Alikuwa na miaka mingi hajabeba kitu mgongoni kwenye mlima ule, lakini mgongo haukuwa umeisahau kazi.

Alipofika, kamba ya kumalizia mbio ilikuwa inakunjwa. Watu walikuwa wamemzunguka Mwewe. Alikuwa wa pili, na wa pili amechukuliwa. Mbele ya baiskeli yake alikuwa amechuchumaa fundi wa timu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anauminya ubavu wa tairi kwa vidole viwili, pole pole, anazunguka.

"Hili ni tairi la nyuma," alisema. "Mbele mmeliweka kwa nini, sijui. Lakini aliyelichagua anaujua mlima huu jiwe kwa jiwe. Wenzako kumi na mmoja wamepasukiwa kule juu. Nani amekuchagulia?"

Mwewe aliinua macho akamwona dada yake anakuja, baiskeli begani, tope mpaka magotini. Walitazamana muda wa kutosha kukaza nati moja.

"Baba," alisema Mwewe.

Watu wakamgeukia mzee. Mzee akainua mkono kidogo, kama mtu anayekataa sifa, asiikatae. Mtu ambaye tairi lile alikutana nalo likiwa tayari ndani ya nyumba yake. Wakampigia makofi, na wengine wakasema si ajabu, zamani alikuwa moto. Fundi alipita nyuma ya makofi akaenda bombani kuosha miguu.

Wiki iliyofuata Mwewe aliondoka. Alimkumbatia dada yake akamwambia asante kwa kila kitu, na ilikuwa rahisi kwake kusema kila kitu kuliko kusema kimoja. Fundi aliitundika baiskeli yake ukutani na tairi lake lililopasuka, akaendelea kuwapelekea watu wa machimbo baiskeli zao, sasa akipanda za wateja na kurudi kwa miguu. Mwaka ukazunguka. Tangazo la shindano lilipobandikwa tena, mbio za wanawake hazikuwemo. Katibu wa chama alimwambia kwa upole kwamba mwaka uliopita wengi hawakumaliza. Fundi alimwambia ni kweli.

Ndipo Mwewe, aliyekwisha kupewa baiskeli ya timu, akairudisha ile ya zamani nyumbani kwa gari la mizigo.

Siku mbili baadaye Fundi alirudi kutoka machimboni akakuta baiskeli yake imeteremshwa ukutani na kupinduliwa sakafuni. Nyuma kulikuwa na tairi lile, na mstari mmoja wa chaki, umepinda, maana mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka. Mzee alikuwa benchini akifuta vidole.

"Njoo uone," alisema. "Nimelitoa kwenye baiskeli ya Mwewe. Nilikwambia ni lenu wote, hukunisikia. Mbele limezeeka vizuri, sasa limefika kwako. Si ulilitaka nyuma?"

Alikuwa anatabasamu. Hapakuwa na hila hata chembe katika uso ule, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Maisha yake yote mzee huyu aliamini amegawa sawa.

Fundi aliinama akaliminya. Meno ya katikati yalikuwa yamelika mpaka chini. Ubavu, ule ubavu mnene alioutafuta kwa vidole viwili, ulikuwa umechanika chanika kwa mawe ya milima ambayo hakuwahi kuiona. Neno la asante lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa linakuja lenyewe, kama lilivyokuja miaka yote.

"Baba, baiskeli hii ni ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Fungua."

Mzee aliendelea kutabasamu kidogo, akisubiri sehemu ya pili ya mzaha. "Nifungue niweke lipi? Lingine hakuna."

"Mwenye baiskeli nasema, fungua."

Tabasamu likamtoka pole pole. Sheria ilikuwa yake, hakuwa na pa kuipinga. Akaanza kuitafuta spana kwa kupapasa benchi. Ilikuwa imetundikwa mahali pake, karibu na bega la Fundi, na Fundi hakumpa. Mzee alifika ukutani, akaishika, akarudi, akashuka chini kwa vipande, goti moja, mkono, goti la pili, akiguna kwa ile nyonga. Mara mbili spana ilimteleza. Mara ya tatu ikashika, na nati ikaanza kulia.

Mteja mmoja alifika mlangoni na baiskeli yake akauliza kama fundi yupo.

"Subiri nje," alisema Fundi. "Mzee ana kazi."

Alisimama pale pale juu ya kichwa cha baba yake, mikono nyuma, mpaka nati ya mwisho.